Manyoya ya kulungu kwenye ndoano: Kwa nini chambo kimoja huelea na kingine huzama?

Chukua fungu la manyoya ya kulungu, unene wa nusu penseli hivi. Liweke juu ya ndoano, lizungushie uzi mara mbili bila kubana, kisha vuta. Ghafla manyoya yanafumuka pande zote, kama mwavuli uliopinduliwa na upepo.

Hapo ndipo wanaoanza hushtuka. Wengi hudhani wameharibu. Kumbe ndivyo inavyotakiwa.

Chambo bandia cha namna hii kimetumika Amerika Kaskazini kwa zaidi ya miaka 200. Leo unaweza kukitengeneza mezani kwako kwa ndoano, uzi na wembe. Lakini kuna jambo moja linaloamua kama kitaelea au kitazama: manyoya yametoka sehemu gani ya mnyama.

Kulungu yupi huyo?

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kulungu tunayemjua Afrika Mashariki ni yule mnyama wa vichakani mwenye madoa na mistari myeupe, jamaa wa swala. Anayezungumziwa hapa ni mwingine kabisa: kulungu wa Amerika Kaskazini mwenye mkia mweupe.

Pembe za dume la huyu wa Amerika zina matawi, na kila mwaka huanguka zikaota upya. Wa kwetu haangushi pembe. Kusini mwa Sahara hakuna hata aina moja ya asili ya jamii hii ya wanyama.

Tofauti haiishii kwenye pembe. Kulungu wa Amerika hupita majira ya theluji, na koti lake la baridi limeumbwa kwa kazi hiyo.

Ndani ya unyoya mmoja

Wavuvi wengi husema unyoya wake ni mtupu kama mrija. Si hivyo hasa. Ndani kuna vijumba vidogo vingi vilivyojaa hewa, vimepangana kama sega la nyuki.

Hewa hiyo humkinga mnyama na baridi, na hewa hiyo hiyo ndiyo inayofanya chambo kielee.

Ndiyo pia sababu ya kufumuka. Uzi unapobana, vijumba vinabonyea pale tu ulipopita. Sehemu ambayo haikubanwa inainuka juu. Ukitaka kuona, shika mirija kadhaa ya soda na uibane katikati kwa kamba. Ncha zake zitatawanyika vivyo hivyo.

Mgongo au mkia?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Manyoya ya mnyama mmoja hayafanani mwili mzima.

• Mgongo na ubavu, koti la baridi: Ni manene na yana hewa nyingi. Yanafumuka vizuri na kuelea. Haya ni ya chambo cha juu ya maji.

• Koti la kiangazi: Ni jembamba, lina rangi ya wekundu, na hewa yake ni kidogo. Halifai kwa kuelea.

• Mkia: Manyoya ni marefu na hayana hewa nyingi, hasa kuelekea kwenye ncha. Hayafumuki sana. Yanafaa kwa chambo kinachopita chini ya maji, kwa sababu hucheza kama samaki mdogo anayeogelea.

Angalizo moja kuhusu mkia: manyoya yaliyo karibu na shina lake yana hewa zaidi, kwa hiyo hufumuka. Ukitaka umbo jembamba la samaki, chukua yale ya kuelekea ncha ya mkia.

Si jambo la jana

William Bartram, mtaalamu wa mimea kutoka Philadelphia, alizunguka Florida miaka ya 1770. Katika kitabu chake cha mwaka 1791 anaeleza watu wawili ndani ya mtumbwi mdogo wakivua bila chambo halisi.

Walitumia ndoano tatu kubwa zilizofungwa pamoja, zikavishwa manyoya meupe ya mkia wa kulungu, vipande vya kitambaa chekundu na manyoya ya ndege ya rangi mbalimbali. Fungu zima lilikaribia ukubwa wa ngumi.

Miaka ya 1930, Don Gapen alikuwa akivua katika mto Nipigon, jimbo la Ontario, Canada. Alitaka kuiga samaki mdogo mwenye kichwa kipana anayejificha chini ya mawe. Chambo alichobuni, Muddler Minnow, kina kichwa cha manyoya ya kulungu yaliyofumuliwa na kukatwa kwa umbo. Mpaka leo kinafungwa na kuuzwa sehemu nyingi duniani.

Jinsi ya kufunga, hatua kwa hatua

Utahitaji ndoano, uzi imara, mkasi, wembe mpya, kitana kidogo, na jiliwa ya kushikilia ndoano (mafundi wengi huiita vaisi). Kwa kuanzia, ndoano namba 6 inatosha. Kumbuka: kwenye saizi hizi, namba ikipanda, ndoano inakuwa ndogo.

1. Bana ndoano kwenye jiliwa. Acha sehemu ya mbele ya shina la ndoano bila uzi. Kwenye chuma kitupu manyoya huzunguka kirahisi.

2. Kata fungu la manyoya karibu na ngozi. Lipitishe kitana ili utoe sufi laini iliyo chini. Usiruke hatua hii. Sufi hunyonya maji na huzuia manyoya kufumuka.

3. Sawazisha ncha. Tumbukiza fungu, ncha zikiwa chini, kwenye kifuniko cha kalamu nene ya maka, kisha kigongegonge mezani. Ncha zote zitalingana.

4. Weka fungu juu ya ndoano. Zungusha uzi mara mbili bila kubana.

5. Vuta taratibu huku ukiachia vidole. Manyoya yatafumuka na kuzunguka shina lote. Pitisha uzi mara mbili tatu katikati yake, ukiuchezesha ili usiyalaze.

6. Sukuma manyoya nyuma kwa vidole, yashikamane. Ongeza fungu jingine mbele yake. Rudia mpaka ukaribie tundu la ndoano, lakini usilizibe.

7. Funga fundo, kisha weka tone la vanishi. Rangi ya kucha isiyo na rangi inafanya kazi vizuri.

8. Kata umbo kwa wembe. Anza upande wa chini, ukate karibu na shina ili mdomo wa ndoano ubaki wazi. Ukiacha manyoya mengi hapo, samaki atauma na ndoano haitamshika.

Wembe huteleza, na ndoano nayo ina ncha. Kata kuelekea mbali na vidole vyako, na watoto wasiwe karibu.

Uzi wangu unakatika, nifanye nini?

Mara nyingi sababu ni uzi mwembamba au fungu nene kupita kiasi. Punguza manyoya kabla hujalaumu mkono wako. Mafungu matatu madogo yaliyobanwa vizuri hushinda moja kubwa lililolegea, ambalo litaanza kuzungukazunguka kwenye ndoano baada ya kurusha mara chache.

Afrika Mashariki tunaingiaje?

Samaki aina ya trauti si wa asili ya kwetu. Waliletwa Kenya mwaka 1905 na kuwekwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Uvuvi wa nzi bandia ulifuata, na pamoja nao kazi ya kuwafunga.

Kwa miongo mingi sasa, Kenya imekuwa miongoni mwa nchi ambako nzi bandia hufungwa kwa mikono kwa ajili ya masoko ya Ulaya na Marekani. Yaani chambo anachorusha mvuvi wa Scotland huenda kilitoka kwenye meza ya fundi wa Kenya. Kwa fundi wa namna hiyo, kujua manyoya ya mgongo na ya mkia ni suala la riziki. Chambo cha kuelea kikizama, mteja harudi.

Tahadhari: usitumie mnyamapori wa hapa

Hili ni la muhimu kuliko yote. Usijaribu kutafuta ngozi ya kulungu au swala wa kwetu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inafanya kumiliki nyara bila kibali kuwa kosa. Tanzania nako, kukutwa na nyara za serikali si mchezo. Kipande cha ngozi mfukoni kinaweza kukufikisha mahakamani.

Vilevile, usimwombe ndugu aliye Marekani akutumie mkia kwenye begi. Bidhaa za wanyama zina taratibu na vibali vyake mpakani.

Basi utumie nini?

Kwa chambo cha chini ya maji, manyoya ya mkia wa ndama au ya mbuzi yanafaa. Muulize muuza nyama wa mtaani kwako. Yaoshe kwa sabuni na uyakaushe vizuri kwanza.

Kwa chambo cha kuelea, manyoya ya mbuzi hayatakusaidia, kwa sababu hayana ile hewa ya ndani. Hapo tumia sponji ya kandambili iliyochakaa. Ikate kwa wembe, ibane kwenye ndoano kwa uzi na gundi. Nayo ina vijumba vya hewa, kama unyoya wa yule kulungu wa theluji.

Kabla hujaenda mtoni, tumbukiza chambo chako kwenye glasi ya maji na uhesabu mpaka 60. Kikiwa bado juu, kazi yako ni nzuri. Kikizama, rudi mezani na uangalie ulichofungia.