Fahamu: Kwa nini ramani ya gari kutoka Japani haikuonyeshi njia za Dar

Navigesheni ni nini?
Navigesheni ya gari hupokea mawimbi ya GPS, mfumo wa satelaiti wa Marekani, kisha huonyesha ulipo kwenye ramani. Ipo ya ndani ya dashibodi na ipo ya kubandika kwenye kioo cha mbele.

Tatizo liko wapi?
Satelaiti ni zile zile dunia nzima. Kinachotofautiana ni ramani. Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa hutoka Japani, na ramani zake, zilizo kwenye diski au kadi ya kumbukumbu, ni za huko, tena kwa Kijapani. Baadhi ya redio za magari hayo, zenye navigesheni ndani, hujifunga kadi ikichomolewa, hata muziki usisikike. Usiiguse kadi hiyo kabla ya kumuuliza fundi.

Kifaa kipi kinafaa?
Cha ndani husoma pia mwendo wa magurudumu, hivyo hakipotei upesi ndani ya handaki. Lakini kubadili ramani yake ni kazi ngumu. Cha kubandika huwekewa ramani ya Afrika Mashariki kupitia kompyuta, huhama gari hadi gari na hakihitaji bando, ila huibwa kirahisi, kiondoe unapoegesha. Kwa gari la Japani, hicho ndicho chenye manufaa zaidi.