Ijue Nambari Kabla Hujanunua Gari



Karafuu zikisha kuuzwa na haki za wachumaji zikalipwa, mkulima aliyebakiwa na kitu huanza kuwaza gari. Fikira hiyo ni njema. Mwenye gari lake hangoji gari la mtu kupeleka wachumaji shamba alfajiri, wala karafuu zake hazikai zikapata joto ndani ya gunia kwa kukosa chombo cha kuzifikisha majamvini.

Lakini gari jipya ni ghali, na wengi wetu tutanunua lililokwisha tumika. Desturi ya mnunuzi ni kutazama rangi, kusikiliza injini, kupiga teke magurudumu, kisha kutoa fedha. Swali la kwanza halimjii kabisa, nalo ni hili: gari hili ni gari gani khasa? Makala hii yaeleza namna ya kulijibu.

GARI NI CHESISI

Sisi watu wa visiwani twalifahamu jambo hili kuliko wengi. Yatazame magari yetu ya abiria yenye bodi za mbao. Lori huja na kichwa na chesisi, na seremala wetu akalijengea bodi, mabenchi na paa. Bodi ikioza hujengwa nyingine. Injini ikifa hutiwa nyingine. Hata hivyo hakuna asemaye kwamba limekuwa gari jingine, maana chesisi ni ile ile, na nambari iliyopigwa juu yake ni ile ile. Nambari hiyo ndiyo jina la gari. Kibao cha nambari kilichoko mbele na nyuma ni kama kanzu: huvaliwa na huvuliwa.

Huko Uingereza wanayo magari ambayo mtu huuziwa vipande akaviunga mwenyewe nyumbani. Mashuhuri kati yao ni Lotus Seven, lililotoka mwaka 1957. Siku zile gari zima lilitozwa kodi ya ununuzi na vipande havikutozwa, ndiyo maana wengi wakanunua vipande. Mwaka 1973 kodi hiyo ilibadilishwa, na mwaka huo huo kampuni ya Caterham ikachukua haki ya kuliunda. Gari la namna hiyo huweza kuwa na injini iliyotoka katika gari moja na ekseli ya gari jingine. Basi Serikali ya huko, ikiwa umri au asili ya gari haithibitiki, huliandikia nambari inayoanza kwa herufi Q, ili kila atakayelinunua baadaye aione.

Funzo lake ni kwamba gari kuungwa si kosa. Kosa ni kuficha.

HATARI MBILI

Hatari ya kwanza ni gari la wizi lililovishwa jina la gari lililokufa. Mtu hununua gari lililogongwa lisilofaa tena, akachukua kadi yake na kile kipande cha chuma chenye nambari, akakichomelea katika gari la wizi la aina moja nalo. Wewe ukilinunua, siku moja mwenyewe atakuja pamoja na polisi. Gari litakwenda, na fedha zako zilikwisha kwenda zamani.

Hatari ya pili ni gari la nusu mbili. Huko Japani magari mengine hukatwa na kuuzwa nusu nusu yawe vipuri, na biashara hiyo ni halali. Lakini fundi akiichukua nusu hiyo akaiunga na nusu ya gari lililogongwa, akapaka rangi na kuliuza kuwa ni gari zima, basi amekuuzia mshono. Mshono huo utakuwa chini ya miguu ya wachumaji wako, gari linapoteremka kilima lina magunia na watu.

NAMNA YA KUPELELEZA

Nenda mchana, tena pasipo mvua. Chukua fundi wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Chukua tochi, kitambaa, kalamu na karatasi.

Kwanza, soma kadi ya gari. Nakili nambari ya chesisi na ya injini, aina ya gari, mwaka, rangi, na jina la mwenyewe. Nakili herufi kwa herufi.

Pili, itafute nambari ya chesisi juu ya gari lenyewe. Katika pikapu na malori mara nyingi hupigwa ubavuni mwa fremu, karibu na gurudumu la mbele. Magari madogo hayana fremu ya peke yake, bodi na sakafu ndiyo chesisi. Humo itafute katika ukuta ulio baina ya injini na abiria, au sakafuni chini ya kiti cha mbele. Futa uchafu, kisha linganisha na ulichonakili. Ikipungua tarakimu moja tu, simamisha mazungumzo.

Tatu, kitazame chuma chenyewe. Nambari ya kiwandani hukaa katika mstari, na tarakimu zake ni za sura moja. Ukiona alama za msasa au tindo, au tarakimu moja imezama kuliko nyenzake, au rangi mpya mahali pale tu, au mstari wa kuchomelea kuzunguka nambari, tahadhari. Tazama pia kibati cha kiwanda, kwa kawaida kilichopigwa ribiti. Nambari yake haina budi kuwa ile ile, na ribiti zake zisiwe mpya juu ya kibati kikuukuu.

Nne, jifunze kuisoma nambari. Magari yaliyoundwa kwa soko la Japani huwa na herufi na tarakimu za aina ya gari, kisha kistari, kisha tarakimu za mfululizo. Katika Toyota herufi hizo husema na injini. Hiace inayoanza kwa LH ilitoka kiwandani na injini ya dizeli ya jamii ya L, na inayoanza kwa RZH ilitoka na ya petroli ya jamii ya RZ. Ukisoma RZH kwenye kadi na ukaikuta dizeli chini ya kiti, jua kwamba injini imebadilishwa. Magari yaliyoundwa kwa nchi nyingine nyingi huwa na nambari ya herufi na tarakimu 17, na ndani yake herufi I, O na Q hazitumiki kabisa. Ukiziona humo, ama aliyeandika kadi amekosea ama aliyepiga nambari ni mwongo.

Tano, tafuta mshono. Nyanyua mazulia. Pitisha mkono sakafuni toka upande hadi upande, na kwenye nguzo za milango, na juu ya paa karibu na kioo cha mbele. Ingia chini uitazame fremu toka mwanzo hadi mwisho. Mstari wa kuchomelea unaolikata gari zima kwa mapana haukutoka kiwandani. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hukusaidia: penye chuma hunasa, na penye puti nene haishiki.

Sita, iangalie injini. Kubadilisha injini ni jambo la kawaida kwetu, lakini hapana budi mabadiliko hayo yaandikwe. Injini isiyo na nambari, au yenye nambari isiyo ya kadi, ina swali ambalo muuzaji ndiye wa kulijibu kwa karatasi. Maneno matupu hayatoshi.

Saba, kama gari limetoka Japani, omba kuiona hati iliyolitoa nchini humo. Gari likitolewa Japani hufutwa katika daftari la huko, nayo hati ya kufutwa huandikwa nambari ya chesisi, ukubwa wa injini, na mwezi liliposajiliwa mara ya kwanza. Usitishwe na miaka yao. Wajapani huhesabu kwa zama za wafalme wao. Ukiambiwa ni mwaka wa Heisei, ongeza 1988: Heisei 15 ni mwaka 2003. Ukiambiwa ni Reiwa, ongeza 2018: Reiwa 2 ni mwaka 2020. Kumbuka pia kwamba mwezi wa kusajiliwa si lazima uwe mwezi wa kuundwa.

Nane, nenda ofisi ya usajili wa vyombo vya moto uulize kama nambari ya chesisi, nambari ya kibao na jina la mwenyewe vinapatana katika daftari lao. Gari lenye nambari za Bara liulizwe kwa mamlaka za Bara. Ukiwa na shaka ya wizi, nenda polisi kabla ya kulipa. Ukienda baada ya kulipa, utakuwa umekwenda kulia.

FEDHA NA MASHAHIDI

Jina lililo kwenye kadi liwe la huyo aliyesimama mbele yako, na kitambulisho chake ukione. Akisema gari ni la ndugu yake aliye safarini, basi aje ndugu huyo, au iletwe hati ya kumwakilisha iliyo sahihi. Andikianeni hati ya mauziano mbele ya Sheha na mashahidi, na nambari ya chesisi iandikwe ndani yake kwa ukamilifu. Kisha lipa, na kadi ihamishiwe jina lako bila ya kukawia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Watakuwapo watakaokuharakisha. Dalali atasema yuko mnunuzi mwingine anangoja, na kwamba bei hii ni ya leo tu. Mwache huyo mwingine alichukue. Muuzaji aliye safi hachukii gari lake kupelelezwa, kama mkulima aliyeanika vizuri asivyochukia karafuu zake kumiminwa na kutazamwa. Anayekataa usinyanyue zulia amekwisha kukuambia lililo chini yake.

Mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Huja mwaka wa neema, na baada yake huweza kuja mwaka wa vikonyo vitupu. Fedha za msimu mwema zikipotea kwa gari la mtu mwingine, huenda mkulima akangoja misimu kadhaa kabla ya kuzipata tena. Kazi ya kupeleleza ni ya asubuhi moja. Ukurasa huu ukatwe na kuwekwa pamoja na akiba, usomwe siku ile ya kwenda kununua.