Kungojea Safari ya Miezi 27

Ziko barua ambazo zikifika nyumbani hazimwachi mtu yeyote kama alivyokuwa. Leo twataka kusema juu ya barua moja ya namna hiyo: ile inayomwambia kijana kwamba amekubaliwa kwenda kufanya kazi ya kujitolea katika nchi ya mbali, si kwa majuma mawili, bali kwa miaka miwili na zaidi. Tangu siku ile mpaka siku ya kupanda ndege hupita miezi mingi ya kungojea. Watu husifu kwenda, husifu na kurudi; miezi ile ya katikati hawaisemi, na kumbe ndiyo inayompima mtu.

Tuchukue mfano wa Peace Corps ya Marekani, kwani wazee wetu waliwaona vijana wake kwa macho. Rais Kennedy aliianzisha tarehe 1 Machi 1961. Katika Kongo walifanya kazi tangu 1970 mpaka 1991, mwaka wa ule unyang'anyi wa askari, ndipo wakaondoka. Walifundisha hesabu na Kiingereza, tena walionyesha watu namna ya kufuga samaki. Na wengi wao walijifunza lugha kwanza kule Bukavu. Mpaka leo muda wa kazi yao ni miezi 27: mitatu ya kufundishwa katika nchi ile ile wanayoendea, 24 ya kutumika. Hawapati mshahara, hupewa posho tu ya kuwatosha kuishi karibu na hali ya wenyeji. Umri wa chini ni miaka 18, wala hakuna umri wa juu. Wako wazee waliostaafu ambao huomba nao wakakubaliwa.

Basi, aliyepata barua hufanya nini? Mbio za kwanza ni za mganga. Meno hutazamwa, damu hupimwa, chanjo hupigwa moja baada ya nyingine. Hata alama za vidole huchukuliwa ili serikali ijue kama hana kosa la zamani. Halafu huja habari ya masanduku. Hapo twacheka kidogo, kwani mwenye kusafiri hukesha akipima viatu na sabuni na taa, vitu ambavyo vingi atavikuta sokoni kwa bei nafuu. Kitu kisicho na uzito hata kidogo, yaani lugha ya watu anaowaendea, mara nyingi hukiacha mpaka dakika ya mwisho. Sisi twaona kwamba saa moja ya kujifunza salamu kila jioni ina faida kuliko sanduku zima.

Lakini mzigo mkubwa hauko sandukuni. Uko jikoni kwa mama. Mama hasemi “usiende”, huuliza tu, kama kwa mchezo: “Nikiugua, nani atakuita?” Na kijana hujibu upesi kwamba miaka miwili si kitu. Jibu hilo si zuri. Miaka miwili ni harusi ya dada asiyoiona, ni mtoto wa kaka atakayemkuta anatembea, tena pengine ni kaburi. Ni kweli, Peace Corps humruhusu aliyefiwa na mzazi kurudi kwao kwa muda. Lakini njia ni ndefu, na maziko hayangoji ndege. Yafaa maneno haya yasemwe mezani kabla ya safari, baba akiwapo, na mchumba naye kama yupo. Kijana akiogopa kuyasema nyumbani, atayabeba peke yake usiku, huko ambako hakuna mtu wa kumpa pole kwa lugha yake.

Tena kuna ulimi. Mwezi wa Oktoba 1961, kijana mmoja mwanamke wa Peace Corps, aliyekuwa akifundishwa kazi katika chuo kikuu cha Ibadan, Nijeria, alimwandikia rafiki yake kadi ya posta juu ya umaskini na uchafu aliouona barabarani. Kadi ikaanguka kabla ya kufika posta. Wanafunzi wakaiokota, wakaitoa nakala nyingi, wakafanya maandamano. Mwenyewe aliomba radhi, akarudi kwao. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa bado mgeni, naye aliandika kama mgeni.

Mwingine, Mike Tidwell, alifika Kalambayi, katika Kasai, mwaka 1985. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wakulima kuchimba mabwawa kwa koleo na kufuga tilapia. Alikuja na hesabu kichwani: samaki wangapi, faida kiasi gani. Siku ya kuvua samaki wa kwanza, jamaa na majirani wakaja, na mwenye bwawa akawagawia. Mgeni akakasirika! Alidhani jasho la miezi mingi limepotea bure. Ilimchukua muda kutambua kwamba kugawana kule ndiko kulikowaweka watu hai siku za njaa. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1990. Hesabu ile hakuna mtu angaliweza kumfundisha Marekani wakati wa kungojea.

Tusidhani ni Wazungu tu. Umoja wa Mataifa una wajitoleaji wake tangu 1970, na makao yao makuu yako Bonn, Ujerumani. Nao hutoka katika nchi nyingi, hata katika Afrika. Mwalimu au mganga wa Kongo aweza kuomba, naye mama yake atauliza swali lile lile.

Na mara nyingine barua haitimizwi. Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Peace Corps iliwarudisha kwao watu wake wote, karibu 7,000, kutoka nchi zaidi ya 60. Wengine hawakupata hata siku moja ya kuwaaga wanafunzi wao. Wale waliokuwa wamekwisha pata barua wakabaki na masanduku. Miaka miwili ikapita bila safari. Machi 2022 wa kwanza wakaondoka tena, kwenda Zambia na Jamhuri ya Dominika. Na huko Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wetu, kulikuwa na watu waliokuwa wakingojea vilevile.