Je, Wajua? Darasa Lenye Wanafunzi Wasiozaliwa

Je, wajua kwamba wapo walimu tarajali wanaofundisha wanafunzi ambao hawajawahi kuzaliwa? Katika Chuo Kikuu cha Central Florida, mjini Orlando, Marekani, ulibuniwa mfumo uitwao TeachLivE. Mwalimu husimama mbele ya skrini kubwa, na humo wamo vijana watano waliochorwa na kompyuta, akina Sean, Maria na CJ, kila mmoja na tabia yake. Wanajibu, wanabisha, na mwalimu akizubaa somo linamponyoka.

Je, wajua kwamba wanafunzi hao hawakuendeshwa na kompyuta peke yake? Nyuma ya pazia alikaa mtu mmoja, fundi wa kuigiza, akiwasemea wote watano huku mashine ikimbadilishia sauti. Kazi hiyo si ya mchezo, na ndiyo maana akili mnemba imepokelewa kwa hamu: haichoki wala haidai posho.

Je, wajua kwamba mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa GPTeach? Hapa hakuna mtu nyuma ya pazia. Mwalimu anaandika, na wanafunzi wa akili mnemba wanamjibu kwa maandishi.

Kasoro yao? Wana adabu kupita kiasi na wanaelewa upesi mno. Mtoto wa kweli wa darasa la tano atakuandikia 1/2 + 1/3 = 2/5. Utamweleza, ataitikia “Nimeelewa, mwalimu,” kisha atainama na kuandika 2/5 ileile. Huyo ndiye anayemkomaza mwalimu, na mpaka sasa mashine haijajua kumwiga vizuri.

Je, wajua kwamba wazo lenyewe la kumfunza mwalimu kwa darasa la kuigiza lina zaidi ya miaka 60? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Oregon, Bert Kersh aliwaonyesha walimu tarajali darasa la sita kwa filamu. Tarajali akishaamua la kufanya, mkufunzi humwekea kipande kinachoonyesha darasa lingempokeaje.

Mwaka 1963 Stanford nao wakaanza mtindo wa somo fupi: fundisha dakika chache, sikiliza kasoro zako, rudia. Aliyepita chuo cha ualimu anaujua mtindo huo. Ni pale wenzako wenye ndevu wanapojifanya darasa la tatu na kunyoosha vidole wakiita, “Mwalimu! Mwalimu!”

Je, wajua kwamba skrini peke yake haitoshi? Mwaka 2020 Julie Cohen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia walichapisha utafiti juu ya tarajali waliofundisha darasa la kuigiza kisha wakarudia. Baadhi waliachwa wajitafakari wenyewe katikati, wengine wakapewa dakika 5 za kuelekezwa na mkufunzi. Walioelekezwa walipiga hatua kubwa zaidi, na hata mtoto msumbufu wakaanza kumtazama kwa jicho jingine. Chuo kitakachonunua mitambo na kupunguza wakufunzi kitakuwa kimetupa fedha.

Je, wajua kwamba kwa hesabu za UNESCO dunia inahitaji walimu wapya milioni 44 ifikapo 2030, na milioni 15 kati yao ni wa Afrika kusini mwa Sahara? Darasa la kuigiza lingeweza kusaidia kuwaandaa, lakini lile la Orlando lina wanafunzi watano tu. Kiwango cha serikali ya Tanzania kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na shule nyingi zimekivuka zamani. Anayetaka kutuuzia darasa la kuigiza aanzie hapo.

Je, wajua kwamba mwalimu akiuliza swali, kwa kawaida husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu? Mary Budd Rowe alilibaini hilo Marekani, tena akaona kwamba akisubiri sekunde 3, majibu hurefuka na hata wale wanaonyamaza siku zote hufungua mdomo. Kompyuta inaweza kukuhesabia sekunde hizo, lakini kwa hili huihitaji. Kesho uliza swali lako, kisha hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu.