Neno 'positive' si kila mara habari njema

NENO 'positive' ni miongoni mwa vivumishi vya Kiingereza vilivyoingia katika mazungumzo ya Waswahili bila kubisha hodi. Husikika shuleni, redioni, maofisini na hospitalini. Wengi hulichukulia kuwa na maana moja tu, yaani kitu kizuri au chenye kuleta matumaini. Mazoea hayo hayana madhara, hadi mtu anapoketi mbele ya mtoa huduma za afya na kuambiwa kuwa majibu yake ni 'positive'.

Asili ya neno hili ni kitenzi cha Kilatini 'ponere', chenye maana ya kuweka. Lilipoingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa, yapata miaka 700 iliyopita, lilihusu sheria: jambo lililowekwa rasmi na mamlaka, tofauti na lile linalotokana na maumbile. Kutoka hapo ikazaliwa maana ya kutokuwa na shaka. Ndiyo maana Mwingereza akisema 'I am positive' katika maongezi ya kawaida, husema kwamba ana hakika.

Wanasayansi nao walilichukua kwa haja zao. Mwaka 1747 Benjamin Franklin, akieleza tabia za umeme, alilitumia kwa kitu chenye umeme uliozidi, na kinyume chake, 'negative', kwa kitu chenye umeme uliopungua. Katika hisabati ni namba iliyo kubwa kuliko sifuri. Hakuna aliyekusudia kusema kwamba upande mmoja wa betri ni mwema kuliko mwingine.

Maana ya uzuri ilichelewa kuja. Ilienea zaidi katika karne ya 20, hasa baada ya kitabu cha Norman Vincent Peale, The Power of Positive Thinking, kutoka Marekani mwaka 1952. Hiyo ndiyo maana inayojulikana zaidi leo.

Katika maabara, hata hivyo, neno hili limebaki karibu na asili yake. Kila kipimo huuliza swali moja: je, kinachotafutwa kipo? Jibu la 'positive' ni kwamba kimeonekana. Kama kilichotafutwa ni vimelea vya malaria, basi mgonjwa anahitaji dawa. Kama kilichotafutwa ni dalili ya ujauzito, jibu lilelile huweza kupokelewa kwa vigelegele katika nyumba moja na kwa machozi katika nyumba nyingine.

Kundi la damu nalo ni mfano mzuri. Mtu anayeambiwa kuwa damu yake ni 'O positive' hana ugonjwa wowote. Ameelezwa tu kuwa chembe zake nyekundu zina kiashiria kiitwacho Rh, ambacho Karl Landsteiner na Alexander Wiener walikitangaza mwaka 1940. Hapa tahadhari iko upande wa pili: mama asiye na kiashiria hicho, akibeba mimba ya mtoto aliye nacho, huhitaji uangalizi na sindano maalumu ili mimba zinazofuata zisidhurike.

Ugumu huongezeka kwa sababu vipimo vingi havitafuti ugonjwa wenyewe, bali alama yake. Mtoto wa mama mwenye virusi vya UKIMWI anaweza kupata jibu la 'positive' katika kipimo cha kingamwili hadi umri wa miezi 18 hivi, kwa kuwa alipokea kingamwili za mama tumboni, ilhali yeye mwenyewe hana virusi. Mtoto huyo hupimwa kwa njia nyingine, inayotafuta virusi vyenyewe. Kwa upande mwingine, mtu mzima aliyeambukizwa siku chache zilizopita anaweza kupata jibu la 'negative', kwa sababu mwili wake haujatengeneza kingamwili za kutosha. Akilichukua jibu hilo kuwa cheti cha usalama, atajidanganya na kumhatarisha mwenzake.

Kiswahili kimelipatia neno hili kisawe chake, 'chanya', na kinyume chake ni 'hasi'. Lakini kisawe hicho kimerithi utata uleule. Gazeti likiandika juu ya 'mtazamo chanya', msomaji huelewa uzuri. Daktari akisema 'majibu chanya', msikilizaji aliyezoea matumizi ya kwanza anaweza kufurahi mahali pa kutafuta tiba.

Njia iliyo salama ni kutaja jambo lenyewe: 'tumeona vimelea vya malaria katika damu yako', au 'hatukuona virusi leo, rudi kupimwa tena baada ya muda huu'. Naye mgonjwa anayepewa neno moja tu ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kuinuka kitini: kilichotafutwa ni nini, kimeonekana au hakikuonekana, na hatua inayofuata ni ipi.