Kipenyo, Masafa na Mkono wa Mwindaji: Uwindaji wa Ayala kwa Bastola Nchini Marekani

Utangulizi

Nchini Kenya, uwindaji wa kujiburudisha ulipigwa marufuku mwaka 1977. Ndiyo maana msamiati wa silaha za uwindaji hauko vinywani mwa wasomaji wengi wa Kiswahili, ingawa watafsiri hawakosi kukutana nao katika riwaya na filamu kutoka Marekani. Huko, uwindaji ni shughuli halali yenye misimu, leseni na kanuni za kila jimbo, na mnyama mkubwa anayewindwa zaidi ni ayala wa mkia mweupe. Neno ayala, walilolitumia watafsiri wa Biblia, lafaa hapa kuliko paa au kulungu. Hao ni wanyama wa Afrika wenye pembe za kudumu, ilhali ayala dume huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine.

Makala haya yanaeleza jinsi mwindaji anayetumia bastola badala ya bunduki anavyochagua kipenyo cha silaha yake na masafa ya kufyatulia. Hoja kuu ni kwamba maswali hayo mawili hayatenganiki, na kwamba jibu lake hutokana na mkono wa mwindaji kabla ya kutokana na silaha yenyewe.

Maana ya kipenyo

Bastola inayozungumziwa ni rivolva, yaani ile yenye silinda inayozunguka na kubeba risasi, aghalabu 5 au 6. Kipenyo chake hutajwa kwa sehemu za inchi. Kwa mfano, .357 ni takriban milimita 9. Hata hivyo, jina na kipimo havilingani kila mara: risasi ya .44 Magnum ina kipenyo halisi cha inchi 0.429, kwa kuwa jina lake lilirithiwa kutoka kwa risasi za zamani. Neno Magnum nalo lilikopwa kutoka kwa jina la chupa kubwa ya mvinyo, kuashiria risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida.

Kampuni ya Smith & Wesson ilitoa rivolva ya .357 Magnum mwaka 1935. Ile ya .44 Magnum ilifuata mwaka 1955, baada ya Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa Idaho, kupigania kwa miaka mingi risasi ya .44 yenye nguvu zaidi. Mwaka 1964 ilitokea .41 Magnum, iliyo katikati ya hizo mbili, na mwaka 2003 ikaja .500, ambayo rivolva yake kubwa hukaribia kilo 2 kwa uzito.

Nguvu na mipaka yake

Risasi ya kawaida ya .357 yenye gramu 10 hivi hutoka mtutuni ikiwa na nguvu ya takriban jouli 720. Ikifika mita 90, huwa imepoteza karibu theluthi moja ya nguvu hiyo. Ile ya .44, yenye gramu 15 na nusu, huanza na takriban jouli 1,000 na kubakiwa na robo tatu yake katika umbali huo huo. Hizi si nguvu kubwa zikilinganishwa na za bunduki: ile ya .30-06, inayopendwa sana na wawindaji wa Marekani, huzidi jouli 3,500 mtutuni.

Tofauti hii ina maana kubwa. Risasi ya bunduki huharibu mwili kwa kasi yake, lakini ile ya bastola hutegemea zaidi tundu inaloliacha na kina inachokifikia. Hivyo basi, mwindaji huchagua risasi nzito: ama yenye ncha laini inayotanuka ndani ya mwili, ama ya risasi ngumu yenye ncha bapa inayopenya hadi upande wa pili. Muhimu kuliko yote, risasi hiyo sharti ipite kwenye moyo au mapafu. Ikipita tumboni, hakuna kipenyo kitakachomwondolea mnyama mateso. Atakimbia akiwa na jeraha, na huenda akafia kichakani asipatikane.

Masafa hupimwa vipi?

Eneo la moyo na mapafu ya ayala hukadiriwa kuwa duara lenye upana wa sentimita 20 hivi, sawa na sahani ndogo. Kipimo cha mwindaji ni duara hilo. Huchora duara la upana huo kwenye karatasi, kisha hufyatua risasi 5 au 6 akiwa katika hali atakayokuwa nayo mwituni: ameketi, amepiga goti, au ameegemea mti. Umbali wa mwisho ambapo risasi zote huingia ndani ya duara ndio ukomo wa masafa yake. Risasi moja ikitoka nje, husogea karibu.

Ugumu wa bastola unaelezwa na hesabu nyepesi. Ikiwa umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ni sentimita 20, kosa la milimita 1 katika kuvilinganisha litaipotosha risasi kwa sentimita 25 katika mita 50. Kosa hilo hilo kwenye bunduki ambayo vilengeo vyake vimeachana kwa sentimita 60 lingeipotosha kwa sentimita 8 tu. Darubini hupunguza tatizo hili, ila haiondoi mtetemeko wa mkono.

Kwa sababu hiyo, wengi hujiwekea mpaka wa mita 45 kwa .357. Kwa .44, stadi wachache hufika mita 90, lakini wengi hufyatua wakiwa karibu zaidi ya hapo.

Kwa nini kikubwa si bora daima

Kadiri nguvu inavyozidi ndivyo silaha inavyoupiga mkono teke kwa ukali zaidi. Mfyatuaji anayeliogopa teke hilo hushtuka kabla ya risasi kutoka, na shabaha huharibika. Mtu anayeweza kuiingiza .357 ndani ya duara kila mara ni mwindaji bora kuliko yule anayekosa kwa .500. Wawindaji wengi hujizoeza kwa risasi hafifu zinazokubaliana na silaha ile ile: .38 Special katika rivolva ya .357, na .44 Special katika ile ya .44 Magnum. Baadaye hurudia jaribio la duara kwa risasi watakazowindia, kwani hizo ndizo zitakazoamua.

Sheria nayo huweka kiwango cha chini. Katika jimbo la Ohio, kwa mfano, kanuni zimetaka kipenyo kisichopungua .357 na mtutu usiopungua inchi 5. Sheria yaweza kupima mtutu, lakini haiwezi kuupima mkono unaoushika. Kazi hiyo huachiwa mwindaji mwenyewe.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba mwindaji hutangulia kuujua mkono wake, kisha akachagua kipenyo kikubwa kadiri anavyoweza kukimudu bila kushtuka, na hatimaye akaweka mpaka wa masafa asiouvuka hata ayala dume mwenye pembe za kutamanisha akisimama hatua chache mbele yake. Kuacha kufyatua ni sehemu ya ustadi huo. Majuto ni mjukuu, na katika uwindaji anayeyalipa kwanza ni mnyama.