Sikukuu ya Madaraka na Jimbo Tulilolisahau

Tarehe 1 Juni 2023 taifa zima lilielekeza macho yake mjini Embu. Katika uwanja wa Moi, Rais William Ruto aliongoza sherehe za kutimia miaka 60 tangu Kenya ijipatie madaraka ya kujitawala katika mambo yake ya ndani. Miaka 5 kabla ya hapo, mwaka wa 2018, ilikuwa zamu ya majirani zao wa Meru, pale Rais Uhuru Kenyatta alipoongoza sherehe kama hizo katika uwanja wa Kinoru. Palikuwa na gwaride, nyimbo na hotuba, na yote hayo yalistahili. Lakini mimi, ambaye riziki yangu hutokana na kuyachungua maneno, nilitega sikio mara zote mbili nisikie neno moja, nisilisikie. Neno lenyewe ni jimbo.

Kwa nini jimbo? Kwa sababu katiba iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 1963, siku ambayo Mzee Jomo Kenyatta aliapishwa kuwa Waziri Mkuu, ndiyo pia iliyoigawa nchi katika majimbo 7, mbali na eneo la Nairobi, na kulipa kila jimbo bunge lake. Mojawapo lilikuwa Jimbo la Mashariki, ambalo makao yake makuu yalikuwa Embu. Waama, umati uliofurika uwanjani mwaka wa 2023 ulikuwa ukiadhimisha, bila kuambiwa, siku ya kuzaliwa kwa jimbo lake wenyewe, tena katika mji ule ule uliokuwa makao yake.

Mwanafunzi atauliza: kwani Meru na Embu hazikuwa Mashariki tangu jadi? La, hasha. Wakati wa ukoloni wilaya hizo mbili zilikuwa katika Mkoa wa Kati. Mwaka wa 1957 Bernard Mate, mzaliwa wa Meru, ndiye aliyechaguliwa kuuwakilisha mkoa huo katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka uliofuata Jeremiah Nyagah wa Embu akachaguliwa kuziwakilisha Nyeri na Embu kwa pamoja. Ni Tume ya Mipaka ya Majimbo, iliyofanya kazi yake mwaka wa 1962, iliyochora ramani upya. Ndia na Gichugu, zilizokuwa sehemu ya wilaya ya Embu, zikabaki upande wa Kati na kuwa wilaya ya Kirinyaga. Waembu na Wambeere, kwa upande wao, wakaunganishwa na Wameru, Wakamba, na watu wa Isiolo na Marsabit.

Kwa jicho la mwanaisimu, mstari huo ni wa ajabu. Malcolm Guthrie, katika uainishaji wake wa lugha za Kibantu, alivitia Kikuyu, Kiembu, Kimeru, Kitharaka na Kikamba katika kundi moja, yaani E50. Mpaka wa 1963 ulilipasua kundi hilo. Kiembu kikatengwa na Kikuyu, ambacho ni jamaa yake wa karibu mno, kikatiwa chungu kimoja na Kiborana na Kirendile ambazo ni lugha za Kikushi. Sisemi kwamba mipaka sharti ifuate lugha. Nchi ikichorwa kwa isimu peke yake, hatutalala usingizi. Ninalosema ni kwamba Mashariki haikushuka kutoka mbinguni. Ilitungwa na watu, kwa sababu zinazojulikana, katika mwaka unaojulikana.

Mbona basi kumbukumbu hiyo haikutunzwa? Majimbo yalikuwa matakwa ya KADU, chama cha Ronald Ngala, kilichohofia kwamba makabila makubwa yangeyameza madogo. KANU iliyakubali shingo upande katika mazungumzo ya Lancaster House mwaka wa 1962. Meru na Embu zilikuwa ngome za KANU, na Jackson Angaine wa Meru alikuwa miongoni mwa mawaziri wa kwanza wa serikali ya chama hicho. Kwa ufupi, watu walipewa jimbo ambalo viongozi wao hawakulitaka. Jamhuri ilipotangazwa tarehe 12 Desemba 1964, ubomoaji ulikuwa umekwisha kuanza. Majimbo yakaitwa mikoa, mabunge yake yakashushwa hadhi yakawa mabaraza, na kufikia mwaka wa 1968 hata mabaraza hayo yalikuwa yamefutwa. Akabaki mkuu wa mkoa, mtumishi wa Nairobi.

Neno lenyewe lilipatwa na masaibu zaidi. Mwaka wa 1991, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, baadhi ya wanasiasa wa Bonde la Ufa walilifufua neno majimbo likiandamana na vitisho vya kuwafukuza waliowaita wageni. Mapigano yaliyofuata yalilitia najisi. Ndiyo maana katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 ilipokuja na serikali 47 za mashinani, Kiswahili cha Kenya kilishika neno kaunti, na wengine gatuzi, huku ugatuzi ukichukua nafasi ya umajimbo. Katika Tanzania jimbo lilikwisha hamia kwenye uchaguzi, likawa eneo la mbunge. Kwetu Meru na Embu, aliyelihifadhi bila hofu ni Kanisa Katoliki: Jimbo la Embu lilimegwa kutoka Jimbo la Meru mwaka wa 1986, na hakuna aliyefukuzwa.

Huko New Zealand mikoa ilifutwa mwaka wa 1876, lakini hadi leo Auckland na Wellington kila moja ina siku yake ya mapumziko ya kuadhimisha mwanzo wake. Mimi sidai kwamba Meru na Embu zipewe siku nyingine ya kufunga shule. Sikukuu tunazo, na majina yake hatuyaheshimu: tarehe 10 Oktoba ilikuwa ya Moi, ikawa ya Utamaduni, na tangu 2024 ni ya Mazingira. Siku ya jimbo tunayo tayari, nayo ni 1 Juni.

Kinachonisumbua ni jinsi mamlaka yale yalivyoondoka. Yalimomonyolewa kifungu kwa kifungu, na watu wa Mashariki wakatazama, kwa kuwa hawakuwahi kuyahesabu kuwa yao. Leo Mashariki ya zamani imezaa kaunti 8, zikiwamo Meru, Tharaka-Nithi na Embu, na kila mwaka wa fedha magavana huvutana na Hazina kuhusu mgao. Iwapo mwananchi wa Runyenjes au Maua huiona kaunti kuwa mali ya gavana, nani atasimama siku itakapoguswa?

Mwalimu mwenzangu, Mei 31 huja kabla ya sikukuu. Waandikie wanafunzi ubaoni maneno manne: jimbo, mkoa, wilaya, kaunti. Waulize ni lipi lililokuwa na bunge lake la kuchaguliwa, na ni nani aliyeliondoa. Kisha waongezee la tano, daraka, ambalo katika Kiswahili cha kale lilikuwa na maana ya wajibu kabla ya kuwa na maana ya cheo, uwaache walijadili hadi kengele ilie.